Rangi ya Vyungu

Shuleni vita vile vilikuwa na sababu tano.
Nilizikariri zote, nikapata kumi juu ya kumi:
mpaka uliosogezwa, mkataba uliochanwa,
deni, njaa, mtu mmoja aliyepayuka jukwaani.
Nilirudi Kamalondo nimeinua karatasi yangu.
Bibi Ngosa alikuwa akichambua maharagwe.
"Soma," akasema. Nikasoma.
Akatoa jiwe, akaliweka ukingoni mwa sinia.
"Hao wote siwajui. Hapa ilianza na honi."

Honi ya kampuni ilizoea kulia mara tatu.
Mwaka ule ikaanza kulia ya nne.
Kapita alisema tu: Ulaya kumeharibika,
wanataka shaba.
Chumvi ikapanda, kitambaa kikapanda,
mshahara ukabaki umekaa pale pale
kama mgeni asiyeelewa kuwa sufuria imekwisha.

Babu Mwepu alikuwa mpima mizani stesheni.
Herufi hakuzijua. Tarakimu zilimtii.
Shaba aliitambua kwa baridi yake ya alfajiri.
Kisha yakaja mapipa kutoka upande wa Likasi,
madogo,
mazito kuliko umbo lao,
hayana jina.
"Ni nini hiki, bwana?"
"Rangi," akajibu mzungu wa stoo. "Rangi ya vyungu."
Akayapima. Akafuta viganja kwenye suruali,
suruali ambayo Bibi aliifikicha kila Jumamosi
kwa mikono hii, ya maharagwe.

Nyakati hizo milango ilifungwa mapema.
Batumbula wako njiani, watu walinong'ona,
wanakamata mtu gizani, wanamnenepesha, wanamla.
Wenye elimu walicheka.
Mimi nilicheka pia, nikiwa na miaka kumi na miwili.
Siku hizi najiuliza tu
kama mlaji lazima awe na meno.

Desemba wanaume walikunja mikono.
Waliomba nyongeza, si zaidi ya bei ya chumvi.
Wakaambiwa: nendeni uwanja wa mpira, jibu liko huko.

Hapa Bibi hasemi.
Vidole vinaendelea, harage, harage, jiwe.

Mwepu alirudi usiku na kiatu kimoja,
na kiatu chenyewe si chake.
Kesho yake honi ililia mara nne.

Halafu redio ya mapadri: mji fulani, mbali sana,
umewaka asubuhi moja, watu wamebaki vivuli kwenye ngazi.
Vita vimekwisha! Kengele zikapigwa,
pombe ya mahindi ikamwagwa mpaka barabarani,
na Mwepu alicheza, Bibi anakumbuka, alicheza vizuri.

Miaka mingi baadaye ndipo mtu alipomwambia
rangi ile ilipaka nini.
Hakulia. Aliomba mkaa.
Akaandika ukutani, nyuma ya kitanda,
uzito wa kila pipa alioweza kuukumbuka,
mstari chini ya mstari, usiku kucha.
Chini kabisa akaacha nafasi ya jumla.
Hakujumlisha.
Lugha ya watu wa mji ule hakuijua;
alijua kilo.

Ukuta tumeupaka chokaa mara tatu.
Masika yakikolea, saba inachungulia,
kisha nne, kisha sifuri mbili zilizoshikana.

Walisema ni vita vya dunia.
Kwenye mizani tulikuwa dunia.

Bibi hayupo. Sinia limebaki kwangu.
Nje, malori yanapita kwenda Kasumbalesa,
turubai zimefungwa kamba mpaka chini,
vikombe vinatetemeka kabatini.
Mwanangu ameegemea dirisha:
"Mama, yamebeba nini?"
Jibu fupi ninalo, nililisikia humu humu ndani.
Kidole changu kimegusa jiwe.
Nalishika. Bado sijalitoa.